Darizi Ambayo Hakuna Aliyeiagiza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona hata mshono mmoja. Nilitoka nyumbani Mbozi asubuhi na mapema nikiwa nimevaa gauni langu la Jumapili, nikafika Tunduma na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaonyeshwa kibaraza cha duka moja karibu na barabara ya mpakani. Hapo mafundi walikaa safu moja, cherehani zao zikitazama mtaani. Wote walikuwa wanaume. Aliyekaa mwisho, karibu na mlango, alikuwa mzee wa Kitanga mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo ndiye tuliyemwita Fundi Mkuu. Aliniuliza kama najua kushona. Nikamjibu kwamba najua, maana nyumbani nilikuwa nimeshawashonea kaka zangu mashati.

"Basi sahau," akasema. "Leo utakaa hapa unitazame mikono. Usinitazame uso, sina cha ajabu usoni."

Nikamtazama mikono kutwa nzima, nikarudi nilikopanga nikiwa na hasira. Nilijiona mshonaji kamili, na mzee mzima ananikalisha kama mtoto wa chekechea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha jambo ambalo mdomo hauwezi kulieleza.

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na vicherehani vyenu vya umeme mnavyobeba kwenye mkoba, ngoja niwaeleze tulivyofanya. Mshonaji wa kawaida huiachia cherehani ivute kitambaa. Chini ya sindano kuna meno madogo ya chuma yanayosukuma nguo, na juu yake kuna kiguu kinachoibana. Fundi darizi alikivua kile kiguu, akayashusha meno yasiguse nguo, kisha akakaza kitambaa kwenye fremu ya duara mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia. Hapo cherehani ilibaki na kazi moja tu, kupandisha na kushusha sindano. Kwenda kulia, kwenda kushoto, kuzunguka jani la ua, yote hayo yalikuwa mikono yako, huku miguu ikikanyaga pedeli bila kusita. Mikono ikitangulia miguu, sindano inavunjika, na kipande chake usitake kujua kimerukia wapi.

Hiyo ilikuwa darizi ya kawaida. Sifa ya Fundi Mkuu ilikuwa kazi ya mgongo, na watu walivuka mpaka kuifuata. Ule uzi mnene wa hariri, unaong'aa, haupiti kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo aliuzungusha kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kinachokaa chini, akakilaza kitambaa kifudifudi, akashona kwa upande wa nyuma. Ua lilikuwa linaota chini, asikoliona. Alilijua kwa vidole na kwa mlio wa cherehani. Akimaliza anakigeuza kitambaa, na sisi wote tunaacha kazi kutazama. Hata yeye alitazama kwa shauku, kana kwamba kimeshonwa na mtu mwingine.

Alikuwa na desturi moja ambayo mwenye duka hakuipenda hata kidogo. Ijumaa mchana, akisharudi kuswali, aliweka kazi za wateja pembeni akatuambia kila mtu ashone cha kwake. Tulitumia mabaki ya nyuzi na vipande vya poplini vilivyokatwa pembeni. Cha kwake maana yake ni kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, hakina kipimo, hakina siku ya kuchukuliwa. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tulimwita Mama Tajiri. Alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Fundi Mkuu, unanilipisha mimi ili hawa wacheze?"

"Mama, mkono unaoshona cha watu tu unakuwa mgumu," alijibu bila kuinua macho. "Niachie saa hizi chache, siku nyingine zote ni zako."

Akamwachia, kwa sababu bila yule mzee duka lile lingekuwa la kushona sare za shule.

Sitasahau jinsi nilivyozipenda Ijumaa zile. Nyumbani nilikotoka kila kitu kilikuwa cha watu. Kahawa tuliyochuma ilikuwa ya baba, mahindi yalikuwa ya nyumba, na hata nguo niliyovaa ilikuwa ya dada kabla yangu. Nikatia nia kwamba nitashona kitu kimoja kizuri, kizuri kweli, na kitakuwa changu. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi lilinichukua maisha yote ya kazi, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Nilichagua ndege. Mama yangu alipotutangulia njia ya shambani, kikapu kichwani, alikuwa na namna ya kugeuza shingo bila kugeuza mwili, kuhakikisha kwamba nafuata. Kikapu hakikutikisika. Nilitaka ndege mwenye shingo ile, mwili unakwenda mbele na kichwa kinatazama nyuma. Nikaharibu vipande vingi. Shingo ilitoka kama mpini wa jembe, nikafumua, ikatoka kama nyoka, nikafumua tena. Fundi Mkuu alipita nyuma yangu bila kusimama. Ijumaa moja akasimama, akagusa shingo ile kwa kidole gumba, akasema, "Sasa huyu anamjua anayemtazama." Nilikuwa nimebakiza mkia tu.

Wakati ule hakuna binti wa Mbozi aliyeolewa bila foronya za ndege. Zilikuwa mbili, kila mto na ndege wake, na zikipangwa kitandani ndege wanatazamana. Siku ya kuonyesha vyombo, mashangazi wa bwana harusi waliingia chumbani kukagua, na walianza na kitanda. Kuzidarizi kulikuwa na utaratibu wake. Mchoro ulikuwa kwenye karatasi iliyotobolewa matundu kwa sindano. Unailaza juu ya kitambaa, unapitisha pamba iliyochovywa kwenye buluu ya kufulia na mafuta ya taa, na mchoro unabaki kwa vidoti. Kwa ndege wa kwanza unatumia upande mmoja wa karatasi, kwa wa pili unaigeuza.

Familia moja ya Isansa ilikuwa imeagiza foronya kwa kazi ya mgongo, hariri tupu. Fundi Mkuu akamaliza ndege wa kwanza. Akaigeuza karatasi tayari kwa wa pili, adhana ikasikika, akainuka kwenda kuswali. Aliporudi alikuta karatasi mezani, akakumbuka kwamba inatakiwa kugeuzwa, akaigeuza. Na kwa kuwa alishona kifudifudi, macho yake nayo yakiwa yameanza kuingia ukungu, hakujua mpaka mwisho. Foronya zikakunjwa, zikafungwa kwenye gazeti.

Shangazi wa bibi harusi alikuja kuzichukua Ijumaa mchana, sisi tukiwa kwenye vyetu. Harusi ilikuwa kesho yake. Alikuwa mama mrefu, mkimya, kitenge kimefungwa kifuani kwa safari. Alizifungua akazitandaza kwenye meza ya kukatia. Ndege wote wawili walikuwa wanatazama upande mmoja.

"Baba," akamwambia Fundi Mkuu taratibu, "mbona huyu anamkimbia mwenzake?"

Fundi Mkuu akaziinamia mpaka miwani ikakaribia kugusa kitambaa, akafuatisha mdomo wa ndege mmoja kwa kidole, kisha wa mwingine.

"Ni kweli, mama," akasema. "Nimekosea."

"Mimi nikiwapelekea hivi, watasema tumemleta mke wa kukimbia. Wale mashangazi wa kule siwawezi. Mtoto atakaa na maneno hayo mpaka azeeke."

Mama Tajiri alikuwa ameshatoka ndani. Alitazama foronya, akamtazama mzee, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa akitafuta sababu kama hii siku nyingi, kwa ajili ya zile Ijumaa. Akasema pole pole kwamba labda macho ya Fundi Mkuu yameshachoka, labda ni wakati wa kurudi Tanga akapumzike. Alisema mbele ya mteja, mbele yetu sote. Nilimwonea huruma yule mzee.

Kufumua ndege mzima kusingesaidia. Hariri ya mgongo inakaa karibu karibu, na ukiifumua kitambaa kinabaki na matundu kama kimeliwa na mende. Kichwa peke yake ni kidogo, kingefunikwa na mshono mpya. Fundi Mkuu aliliona hilo kabla yetu. Akageuka kwangu.

"Binti, yule ndege wako wa Ijumaa. Tukimpa huyu wa mbele kichwa kile, atakuwa anamtazama mwenzake." Akavua miwani. "Lakini ni chako. Sema wewe."

Ningesemaje? Nilijua kwamba kikishatoka mikononi mwangu mbele ya Mama Tajiri hakitarudi. Nilijua pia kwamba shingo ile ilikuwa mikononi mwangu peke yangu, na mzee hakuweza kuishona kwa macho yale. Nikachukua wembe, nikafumua kichwa cha yule ndege wa mbele, nikakilaza kitambaa kifudifudi. Sikutumia karatasi. Fundi Mkuu alikaa kando yangu amefumba macho, akisikiliza cherehani. Mara moja tu alisema, "Pole pole kwenye kisogo." Nilipomaliza nikampa yeye akigeuze.

Shangazi aliipanga mito miwili ya kuazima kutoka ndani kwa Mama Tajiri, akaivisha foronya, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Sasa anamsubiri," akasema. "Anamwambia, haya, twende."

Akazikunja mwenyewe, akambusu Fundi Mkuu mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona mama wa kwetu, wa Kinyiha, akilifanya. Mzee alibaki kwenye kiti chake, na Mama Tajiri hakuligusia tena suala la Tanga. Aliligusia la ndege. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaagiza mchoro wangu utobolewe kwenye karatasi.

Baada ya harusi ile, kila mtu alitaka ndege wa kugeuka. Walikuja wa Vwawa, wa Itumba, wakaja kina mama wa Zambia na vitenge vyao begani. "Mayo, mimi nataka ile ya kugeuka shingo," waliniambia, na wakichukua mzigo wao, "Natotela sana, mayo," yaani asante sana, mama, kwa lugha yao. Nilishona shingo ya mama yangu kwenye mito ya watu nisiowajua mpaka nikaota naishona. Nilijisikia fahari, na nilijisikia nimeporwa, na hisia hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana. Fundi Mkuu aliniambia, "Utashona kingine. Bado mchanga wewe." Aliendelea na kazi mpaka macho yalipogoma kabisa, akarudi kwao Tanga kwa heshima, tukamsindikiza mpaka kwenye basi. Mimi nilikalia kiti chake. Nililia siku ile, na sikumficha mtu.

Sikukaa Tunduma muda mrefu bila yeye. Niliolewa, nikampata Neema, na nikapata kazi ya kufundisha ushonaji kwenye kituo kimoja cha kina mama Isansa. Mkubwa wangu pale tulimwita Mlezi wa Kituo, mama mpole aliyependa usafi kuliko kitu chochote. Nikaanzisha Ijumaa zangu. Wanafunzi walishona vyao, nami nikashona changu, kitambaa cha meza chenye maua ya kahawa, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Aliyeona shamba la kahawa likichanua baada ya mvua za kwanza atajua nilikuwa nafukuzia nini. Kazi ya nyeupe kwa nyeupe huioni mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Nikaimaliza. Wiki hiyo hiyo kituo kikapata wageni, na Mlezi akasimama kutoa shukrani, akafungua bahasha kubwa, akawakabidhi kitambaa changu.

"Nilijua hutakataa, Mama Neema," aliniambia baadaye. "Hatukuwa na kingine cha maana cha kuwapa."

Nikapiga makofi na wengine. Ningefanya nini?

Mume wangu alipopata kibarua Saza kwenye machimbo, nikamfuata. Huko hapakuwa na darizi ya maua. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Stoo, aliyetunza ovaroli za wachimbaji, na kazi yangu ilikuwa kutia viraka magotini na kudarizi majina juu ya mifuko. Aliniambia, "Mama, maua hapana, hawa wanashuka shimoni." Nikatii. Lakini wachimbaji wenyewe walikuja pembeni kuniomba. Mmoja alitaka jogoo mdogo ndani ya mfuko, asionekane na wenzake. Mwingine nyota chini ya kola. Niliwashonea wote, na vitambaa vyangu mwenyewe vikakaa kwenye sanduku bila kuguswa.

Mwisho nilikwenda Chitete, kwenye mradi mmoja wa vikundi vya kina mama. Barabara zilikuwa mbaya kiasi kwamba cherehani tulizifungia magodoro kila tulipohama kijiji. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mratibu, kijana mchapakazi, msafi wa kalamu. Alipenda kila kitu kiwe na kipato. Nilipomwambia kuhusu Ijumaa, akaniuliza, "Hizo saa zitaingia kwenye taarifa kama nini?" Nikamwambia aandike mazoezi. Akacheka, akaandika mazoezi. Kwa miaka ile nilishona pazia la dirisha moja, juu yake bonde la mto Momba lote, mbuyu, mbuzi, mto, wanawake na ndoo. Nalo likaonekana kwenye maonyesho ya wakulima, likasifiwa, likarudi likatundikwa ofisini kwa mradi. Nilipoaga nikiliulizia, Bwana Mratibu aliona haya kweli kweli.

"Mama Neema, limeshaingizwa kwenye mali za mradi. Lina namba."

Nikarudi Tunduma na cheti cha shukrani, cherehani yangu ya miguu, na mgongo unaouma. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Mji ulikuwa umebadilika. Pale kwenye kibaraza chetu sasa kuna duka lenye mashine ya darizi ya kompyuta. Unampa kijana picha kwenye simu, anabonyeza, sindano nyingi zinashuka kwa pamoja, na nembo ya shule inatoka ikiwa safi kuliko ambavyo mkono wangu ungeweza. Nilisimama kuitazama siku nzima, na sikuichukia. Ile ni ya kazi, na kazi tuliifanya ya kutosha.

Kilichonifurahisha ni nyinyi. Mjukuu wangu Eliza, anayefanya kazi kwa mawakala wa forodha hapo mpakani, alianza kujifunza kudarizi kwenye simu yake ili apumzishe kichwa baada ya kushinda na makaratasi ya malori. Akaleta rafiki yake muuguzi, muuguzi akaleta mwalimu, na sasa Jumamosi sebule yangu haina pa kukanyaga. Hamshoni kwa sababu ya njaa. Mnashona paka, majina ya wachumba, mistari ya Biblia, mnacheka, mnafumua. Nimewafundisha kazi ya mgongo na nimewaona mkigeuza kitambaa kwa shauku ile ile. Kila siku kwenu ni Ijumaa, na nawaonea wivu kidogo, nasema wazi.

Lakini Eliza ana tabia moja. Kila kinachomalizika anakipiga picha na kukiweka kwenye simu, na kabla chai haijapoa watu wameshauliza bei. Nilishona mto wa kiti, ukapata mteja Mbeya. Nilishona begi, likapata wateja mpaka Zambia. "Bibi, wanakupenda," ananiambia. Najua wananipenda. Mama Tajiri naye alinipenda.

Basi mwaka huu, siku za kati ya Jumamosi na Jumamosi, nyumba ikiwa kimya, nilikata gagulo. Wadogo mnaweza msilijue, ni ile sketi ya ndani tuliyovaa chini ya gauni lisishikane na miguu. Nililikata kwenye poplini nyeupe, nikalidarizi kwa hariri, kazi ya mgongo, kuanzia pindo mpaka juu ya magoti. Sitawaambia nimeweka nini. Nilishona nilichotaka, nikaharibu nilipoharibu, na mahali uzi wa kijani uliponiishia nikaendelea na wa zambarau kwa kuwa hakuna wa kuniuliza. Macho yakichoka nilifumba, nikasikiliza. Nilipoligeuza nilikuwa peke yangu chumbani, na nilicheka kwa sauti.

Jumapili nikalivaa. Juu yake nikavaa gauni langu la kijivu, lile la misiba na kamati. Eliza akanishika mkono, tukapita kando ya foleni ya malori kwenda kanisani, madereva wakituamkia, yeye akinitazama nguo kwa jicho la huruma.

"Bibi, wewe fundi wa darizi mzima, gauni halina hata ua moja. Kwa nini hujitengenezei kitu?"

"Muda, mjukuu wangu," nikamjibu. "Nitatengeneza."

Tukaendelea kutembea, naye akinisimulia habari za kazini kwake, na kila hatua hariri ilinigusa magotini.